Doa Jeupe Halipunguzi Fedha, Kusugua Ndiko Kunakopunguza



Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Tunasema fedha tukiwa na maana ya noti iliyo mfukoni, na tunasema fedha tukiwa na maana ya madini meupe yanayofuliwa pete, bangili na vikuku. Mambo haya mawili hayakukutana kwa bahati nasibu. Kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki pesa yenyewe ilikuwa ni madini hayo, na mtu aliyelipwa rupia moja alikuwa amepewa mkononi uzito fulani wa fedha. Siku hizi sarafu zetu za matumizi hazina fedha ndani yake. Lakini sarafu za fedha bado zimo majumbani mwetu, na wiki hii nataka tuzungumze juu ya madoa yake, maana yapo yanayowapotezea watu mali bila sababu.

Msikilizaji mmoja wa Mwanjelwa, mfanyabiashara wa mitumba, ameniletea swali. Ndugu yake anayefanya kazi Canada alimpa sarafu 5 za fedha za nchi ile, zenye jani la mti upande mmoja, zote za mwaka 2015, awe nazo kama akiba ya kumsomesha mtoto. Akazifunga vizuri, akaziweka sandukuni. Alipozifungua akakuta sarafu 3 zina madoa meupe, kama mtu amezidondoshea maziwa yakakauka. Akamwonyesha mnunuzi, naye akamwambia kuwa fedha halisi haitoki madoa, kwa hiyo hizo ni bandia, lakini kwa kumhurumia atazichukua zote kwa bei ya chakavu. Jirani yake naye akamshauri azisugue kwa majivu na limau kabla hajazipeleka kwa mnunuzi mwingine. Anauliza afuate lipi.

Jibu langu ni kwamba asifuate hata moja. Asiuze kwa bei ile, wala asisugue. Na kwa kuwa jambo hili linawahusu wengi, pamoja na wale wenye rupia za mababu zao huko Rungwe, Njombe na Iringa, nitaeleza sababu zake moja baada ya nyingine.

Tuanze na doa lenyewe. Wenzetu wa nchi za nje wanaliita doa la maziwa, kwa sababu ndivyo linavyoonekana: jeupe, lenye ukungu, pengine duara dogo kama punje ya mtama, pengine limetambaa kama tone lililomwagika. Wala si Mwanjelwa peke yake. Limewaudhi wanunuzi wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na linatokea kwenye sarafu zilizotoka katika viwanda vyenye sifa duniani, vya Canada, vya Uingereza na vinginevyo. Tena hutokea zaidi kwenye sarafu mpya zenye fedha safi kabisa. Kwa hiyo huyo anayesema kuwa doa jeupe ni dalili ya ubandia amelisema jambo kinyume.

Linatoka wapi? Kiwanda cha sarafu huanza kwa kukata visahani vitupu vya fedha ambavyo bado havijagongwa chapa. Visahani hivyo huoshwa kwa dawa ili kuondoa mafuta na uchafu, halafu hupitishwa katika tanuri ili madini yalainike na yapokee chapa vizuri. Maelezo ya wataalamu walio wengi ni kwamba, iwapo dawa ile ya kuoshea haikusuuzwa ikaisha, mabaki yake huungua pamoja na uso wa kisahani na kushikamana nao. Siku ile sarafu inapotoka kiwandani huoni kitu, inameta kama kioo. Baada ya miezi, au hata miaka, weupe unajitokeza. Mwenye sarafu anaanza kujilaumu kuwa ameishika kwa mikono michafu, au sanduku lina unyevu, kumbe mbegu ya doa ilipandwa kiwandani kabla ya yeye kuinunua.

Kiwanda cha serikali ya Canada chenyewe kilikiri tatizo hili kwa vitendo. Mwaka 2018 kilianza kutoa sarafu hizo za jani kwa njia mpya ya kuutengeneza uso wa fedha ili madoa meupe yapungue. Sarafu za 2015 ni za kabla ya mabadiliko hayo. Kwa hiyo madoa aliyoyaona msikilizaji wetu si ajabu hata kidogo.

Sasa tuulize swali la pesa: je, doa linapunguza thamani? Hapa inabidi tutofautishe wanunuzi wa aina mbili. Yupo anayenunua uzito, na yupo anayenunua sura. Anayenunua uzito hutazama fedha ni gramu ngapi na bei ya siku hiyo ni kiasi gani. Kwake doa si kitu, kwa sababu limekaa juu ya uso tu, na fedha iliyo chini yake imetimia. Anayenunua sura ni mkusanyaji, yule anayetafuta sarafu isiyo na dosari ili aiweke katika hazina yake. Huyo atapunguza bei kwa sababu ya doa. Lakini sarafu za jani za aina hii ni za akiba, hutolewa kwa mamilioni, na thamani yake karibu yote iko katika uzito. Mnunuzi anayekushusha hadi bei ya chakavu kwa ajili ya doa hakupimi fedha, anakupima wewe.

Pamoja na hayo, sitaki kumwambia mtu kuwa kila sarafu ni halali. Bandia zipo, na nyingi zinang'aa kuliko zile za kweli. Ndiyo maana dawa ni kupima, wala si kutazama. Na vipimo vyenyewe havihitaji elimu kubwa.

Kipimo cha kwanza ni mizani. Sarafu hii ina uzito wa aunsi moja ya masonara, yaani gramu 31.1. Aunsi hiyo ni nzito kuliko aunsi ya dukani, ambayo ni gramu 28 na ushei, kwa hiyo mtu asikuchanganye. Upana wake ni milimita 38. Zile za mwaka 2015 zina mistari myembamba inayotawanyika kama miali ya jua, na alama ndogo mno ya jani yenye tarakimu 15 ndani yake, ambayo utaiona ukitumia kioo cha kukuzia.

Kipimo cha pili ni sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Sarafu ikirukia sumaku, mazungumzo yameisha. Isiporuka, bado hujathibitisha kitu, maana shaba na risasi nazo hazivutwi.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokipenda, nacho ni cha maji. Weka gilasi yenye maji juu ya mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu, kisha irudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, uizamishe yote majini bila kugusa chini wala kando. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Kwa sarafu ya fedha safi ya gramu 31.1 utasoma karibu gramu 3 kasoro kidogo. Kama ni mchanganyiko wa shaba na nikeli wenye uzito huo huo, utasoma karibu 3 na nusu, kwa sababu madini hayo ni mepesi na lazima yachukue nafasi kubwa zaidi. Ikiwa ni risasi, utasoma kama 2.7. Kipimo hiki hakikwaruzi kitu, na kinafanyika mbele ya macho ya muuzaji na mnunuzi. Ukimaliza, ikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini bila kuifuta. Masonara wengi wana mizani ya namna hiyo, maana ndiyo wanayopimia dhahabu ya Chunya.

Mkisikia sonara anataka kukwangua sarafu kwenye jiwe na kudondoshea tindikali, mzuieni kwanza. Kipimo hicho kinafaa kwa kipuli kilichokatika, lakini kwenye sarafu kinaacha kovu. Penye mashine ya mionzi ya kupimia madini, jambo hilo linamalizika kwa dakika chache bila kovu lolote.

Tuje sasa kwenye ushauri wa jirani. Fedha ni madini laini, laini kuliko shaba. Majivu yana chembe ngumu, dawa ya meno ina unga wa kusugulia, na waya wa kusugulia masufuria sina haja ya kuueleza. Ukisugua, doa linaweza kufifia, lakini limeondoka pamoja na ngozi ya sarafu. Mahali palipokuwa na mng'ao wa kiwandani sasa pana mikwaruzo elfu moja, na mikwaruzo hairudi nyuma. Limau ni asidi, linaweza kuubadilisha uso wa fedha na kuacha sehemu nyingine imefifia. Wapo pia wanaotumia raba ya kufutia penseli. Hiyo nayo ni msasa mwepesi, inaacha alama inayoonekana ukigeuza sarafu kwenye mwanga. Hata zile dawa za dukani za kuchovya fedha zinakula utando mwembamba wa juu, na mara nyingi doa la maziwa hulikuta na kuliacha pale pale, maana limeungua na uso wenyewe.

Kwa hiyo kwa doa jeupe la kiwandani tiba bora ni kuliacha. Najua ni jibu lisilopendeza, kwa sababu sisi tumelelewa kuwa kitu chenye doa kioshwe. Lakini ukiliacha, umebaki na sarafu nzima yenye doa. Ukisugua, umebaki na sarafu iliyochubuka, na mnunuzi wa sura hataitaka tena.

Yapo madoa mengine mawili ambayo watu huyachanganya na hili. La kwanza ni weusi. Fedha inapokutana na salfa iliyomo hewani, huanza kuwa ya manjano, halafu kahawia, mwisho nyeusi. Salfa hiyo hutoka katika moshi, katika sufu, katika mayai na vitunguu, na hasa katika mpira. Anayefunga sarafu zake kwa mipira ile ya kufungia noti anazipika weusi kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hereni na bangili weusi huo unaondoka kirahisi. Chukua sufuria kuukuu ya alumini usiyopikia tena, weka maji ya moto na magadi, kisha laza bangili humo iguse sufuria. Alumini itaivuta salfa kutoka kwenye fedha, na utasikia harufu ya yai viza. Baada ya dakika chache suuza kwa maji safi. Lakini hayo ni ya mapambo. Usifanye hivyo kwa sarafu ya zamani, na sababu nitaisema hivi punde.

La pili ni kijani, tena chenye kunata. Hilo hutoka kwenye mifuko laini ya plastiki, hasa ile inayonuka kama pazia jipya la bafuni. Plastiki ya namna hiyo hutoa mafuta na asidi pole pole, ikaila sarafu. Hili halifai kuachwa. Huondolewa kwa kuilowesha sarafu katika asetoni safi bila kusugua, mahali penye hewa na mbali kabisa na moto, kwa kuwa asetoni hulipuka upesi. Dawa ya kufutia rangi ya kucha yenye manukato na mafuta haifai. Baada ya hapo sarafu ibadilishiwe makazi.

Sasa naomba wenye masanduku ya bibi zao wasikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Wajerumani walipoitawala nchi hii walitumia rupia ya fedha, yenye picha ya mfalme wao Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita. Rupia hizo zilifika huku kwetu kupitia boma la Iringa na boma la Tukuyu, ambalo wao waliliita Neu-Langenburg. Watu walizitafuta kwa jasho ili walipe kodi ya nyumba. Kuanzia mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika Heller 100, na kutokana na jina hilo mpaka leo tunasema hela. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waligonga sarafu zao za mwisho kule Tabora, zikiwemo za dhahabu zenye tembo. Halafu wakaja Waingereza na shilingi yao yenye simba.

Rupia moja ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 917 ni fedha. Yaani ndani yake mna fedha gramu 10.7 hivi, na rupia 3 zinazidi kidogo aunsi moja. Shilingi ya Mwingereza yenye simba, zile za kuanzia 1921 hadi 1946, ina gramu 7.78, lakini robo yake tu ndiyo fedha. Inahitaji shilingi 16 kufikisha aunsi moja. Na zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Tofauti hizi zinaonyesha kwa nini ni hatari kuuza kwa konzi, sarafu za kila aina zikiwa zimechanganywa katika kopo moja.

Lakini rupia si uzito tu. Ni sarafu ya zamani, na mkusanyaji anaweza kuilipia zaidi ya fedha iliyomo, kutegemea mwaka wake, herufi ya kiwanda chake na hali yake. Ule weusi wa kijivu uliotulia juu ya uso wake kwa zaidi ya miaka mia ndio cheti chake cha kuzaliwa. Unamwambia mnunuzi kuwa sarafu hii haikuguswa. Kijana anayeichukua rupia ya bibi yake, akaisugua kwa mchanga ikang'aa kama sahani ya harusi, ndipo akaipeleka mjini, amekichana cheti hicho njiani. Kilichobaki ni gramu 10.7 za fedha, na atalipwa hizo tu. Fikirini bibi aliyeitunza tangu ujana wake, akaitoa siku mjukuu alipokosa ada. Hasara hiyo haikuletwa na mwizi, imeletwa na usafi.

Na kwa kuwa nimetaja rupia, niseme neno moja kwa wale wanaopita wakinong'ona kuwa zipo rupia zenye nguvu, zinazovuta mchele au kuzima simu, na kuwa mnunuzi wa kigeni yuko njiani na mamilioni, ila kwanza utoe fedha za kupimia. Fedha haivuti mchele. Haivuti hata chuma. Anayetaka utangulize pesa kabla ya biashara, biashara yake ni hiyo pesa.

Yaliyobaki ni utunzaji. Ishike sarafu kwa ukingo wake, kama unavyoshika kitu cha moto, usiweke kidole usoni. Ihifadhi katika kikopo kigumu cha plastiki kilichotengenezewa sarafu, au katika bahasha ya karatasi safi isiyo gazeti. Usitumie mpira, usitumie mfuko laini, wala usiiweke pamoja na kitambaa cha sufu. Weka sanduku mbali na jiko la mkaa, na mbali na sakafu yenye unyevu. Ninyi wa Mbeya mnaijua mvua ya kuanzia Novemba mpaka Aprili ilivyo na ubaridi wake. Iwapo una kile kijifuko cha chembe za kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya viatu vipya, kitie humo.

Siku ya kuuza, nenda ukiwa umekwisha kupima. Ijue bei ya aunsi ya fedha siku hiyo, maana hupanda na kushuka kila siku na hutangazwa dunia nzima. Zidisha kwa uzito wa fedha uliyonayo, ndipo usikie mnunuzi anasemaje. Hatakupa bei yote, naye anatafuta riziki, lakini utajua amekata kiasi gani. Waulize wanunuzi wawili au watatu, usimalize kwa wa kwanza. Soko la Mwanjelwa liliwafundisha watu wake tangu zamani kuwa bei ya kwanza ni salamu tu.

Nina ombi moja la mwisho. Leo jioni chukueni daftari. Andikeni una sarafu gani, za mwaka gani, kila moja ina gramu ngapi, na ina doa gani mahali gani. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye daftari hawezi kubadilishiwa sarafu kwa mnunuzi, wala hawezi kutishwa na neno bandia, wala wanawe hawatagombana siku yeye hayupo.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.